Zanzibar Haiishii Unguja

Bandarini Malindi, Unguja, abiria wa Pemba hujulikana kwa mizigo yao. Watalii walioshuka boti ya Dar es Salaam huburuta mabegi ya magurudumu kuelekea Mji Mkongwe. Wanaokwenda Pemba husimama foleni na magodoro yaliyofungwa kamba, mafeni, madumu ya mafuta ya kupikia na maboksi yaliyoandikwa kwa wino mzito: Mkoani, Chake, Wete. Kijana mmoja mgeni alikuwa akimwambia mwenzake kwenye simu kwamba ameshafika Zanzibar. Ni kweli, alikuwa amefika. Nyuma yake alisimama mzee wa Kipemba, godoro begani, naye yuko Zanzibar, na baada ya kuvuka bahari angeshukia Zanzibar vilevile.

Duniani kote Unguja huitwa Zanzibar. Ramani husema hivyo, tiketi za ndege husema hivyo, hata sisi wa bara ndivyo tusemavyo. Lakini Zanzibar ni nchi. Ilipata uhuru Desemba 1963, ikafanya mapinduzi Januari 1964, na Aprili mwaka huohuo ikaungana na Tanganyika. Katiba yake inataja Unguja na Pemba pamoja na visiwa vidogo vinavyovizunguka. Ina mikoa mitano, mitatu Unguja na miwili Pemba.

Meli yetu ya Pemba iliambaa na pwani ya magharibi ya Unguja hadi Nungwi, kisha ikatoka kwenye mkondo. Hapo maji hubadilika. Yale ya kijani yaliyokuwa yakionyesha mchanga chini huwa buluu nzito, na mawimbi huja kwa ubavu. Mazungumzo yalikatika. Akina mama walijilaza sakafuni juu ya kanga, na mhudumu akapita akigawa mifuko ya plastiki kwa waliochafukwa na tumbo. Kati ya visiwa hivi viwili kuna takriban kilomita 50 za bahari. Unguja ilizama nyuma yetu, Pemba haijaonekana bado.

Ilipojitokeza, ilikuja na vilima, kimoja nyuma ya kingine, kijani hadi ukingoni mwa maji, na mikoko imejaa kwenye hori. Kutoka gati ya Mkoani daladala ilipanda mlima kwa gia ya kwanza. Harufu ya karafuu ilitufikia kabla hatujaiona karafuu yenyewe: kali, tamu kidogo, ya kukwaruza koo. Halafu tukaona majamvi. Yalitandazwa mbele ya nyumba na kwenye kingo za barabara, mengine ya rangi ya kijani na waridi kwa karafuu za jana, mengine ya kahawia iliyokolea kwa zilizokwisha kukauka.

Kando ya njia ya Chake Chake nilimkuta mama mmoja kibarazani akichambua. Alichukua kishada, akakisugua kwenye kiganja kwa mzunguko mmoja, karafuu zikamwagika kulia na makonyo yakaenda kushoto. Hakuangalia mikono yake. Ncha za vidole zilikuwa zimeingia weusi usiotoka kwa sabuni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Karibu, kaa.”

Nilimuuliza karafuu hizi zikifika nje huitwaje. “Za Zanzibar,” alisema. “Na sisi ni Zanzibar, hatukatai. Lakini watu wanakuja Zanzibar, wanarudi kwao, na huku hawajafika.”

Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ile ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo kisiwa hiki ndicho kinachotoa karafuu nyingi zaidi, na sifa inakwenda kwenye jina ambalo wengi wakilisikia hufikiria Unguja peke yake.

Sensa ya 2022 ilihesabu Pemba watu zaidi ya 540,000, kati ya karibu milioni 1.9 wa Zanzibar nzima. Tukisema “Zanzibar ina hoteli kila ufukwe” au “Zanzibar barabara zimejaa magari”, tunawasemea watu hawa maisha yasiyo yao. Jina la kisiwa lipo, ni Unguja, na kila Mzanzibari analijua. Tukikusudia Unguja, tuseme Unguja. Zanzibar tuiachie nchi nzima, Pemba ikiwemo.