Kimeta, kompyuta na hesabu ya foleni

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo tuzungumzie foleni. Siyo ya daladala! Nasema foleni ya kuchukua dawa, siku mtu mwenye roho mbaya akimwaga vimelea vya ugonjwa katikati ya mji.

Mnakumbuka zile barua za kimeta kule Marekani mwaka 2001? Watu 22 waliugua, 5 wakafa. Hata Nairobi ilipatwa na kiwewe Oktoba ile: barua moja ikatangazwa kuwa na kimeta, vipimo vya baadaye vikaonyesha haina kitu. Baada ya hapo wataalamu wa Marekani, wakiwemo wa chuo cha tiba cha Cornell mjini New York, wakatengeneza programu za kompyuta za kupanga vituo vya kugawia dawa. Unaipa idadi ya watu na muda ulio nao, inakuambia unahitaji wahudumu wangapi.

Mimi ni mtu wa habari, siyo wa hesabu. Lakini juzi nikachukua kikokotoo cha simu nijionee. Mwaka 2004 Marekani ilianzisha mpango wa kuiandaa miji mikubwa iweze kuwapa wakazi wote dawa ndani ya saa 48. Haya, chukua mji wa watu milioni 1. Gawanya kwa 48, unapata watu 20,833 kila saa. Kila mmoja akihudumiwa dakika 3, unahitaji wagawaji 1,042 kwa wakati mmoja, usiku na mchana! Sasa badilisha utaratibu kidogo tu: mtu mmoja achukue dawa za familia nzima ya watu 5, kwa dakika zile zile 3. Wagawaji wanashuka hadi 209, na hujaajiri daktari hata mmoja.

Hapo ndipo nilipoiheshimu kompyuta. Inakuonyesha mpango wako utakwama wapi kabla hajafa mtu.

Lakini subiri kwanza. Barua aliyotumiwa Seneta Tom Daschle ilipofunguliwa tarehe 15 Oktoba 2001, wafanyakazi wa Bunge walipimwa na kupewa dawa haraka. Wafanyakazi wa kituo cha posta cha Brentwood, Washington, ambako barua hiyo ilipitia, waliendelea kuchapa kazi hadi kituo kilipofungwa tarehe 21. Wawili wao walikufa. Wataalamu waliamini bahasha iliyofungwa haivujishi kitu. Kumbe mashine za posta ziliibana, unga ukapenya.

Sasa niambieni, programu gani ingewaokoa wale wawili? Ingewapangia watu wa Bunge foleni safi kabisa, maana hao ndio ingekuwa imeambiwa wapo hatarini. Mtu ambaye hukumwandika, kompyuta haimjui.

Kwa hiyo siku nikisikia mji wowote, wa kwao au wa kwetu, unaandaa mpango kama huu, sitamuuliza mganga mkuu ana kompyuta ya aina gani. Nitamuuliza: mfagiaji wa hospitali yumo kwenye hesabu? Mlinzi wa usiku je? Na bibi asiyeweza kusimama foleni, nani anampelekea dawa?

Wewe mdau ungemuuliza nini?

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.