Kamba ya Wazee na Masikio ya Mutoto

Kwetu Urega, kule Mwenga, Shabunda na Pangi, wazee walikuwa na kitabu kisichoandikwa. Kitabu chenyewe ni kamba, jina lake mutanga. Juu yake walifunga vitu vidogo vidogo: unyoya, kipande cha muti, ganda, mufupa. Kila kitu kilikuwa na neno lake. Jioni, ndani ya barza, muzee alishika kitu kimoja, akatamka neno, na wengine wakaongeza.

Wandugu wasomaji, nataka kueleza jambo moja tu: ile kamba haikuwa ya kukariri kama masomo ya mutihani. Neno lilikuwa lilelile, ila masikio ya mutu njo yalikuwa yanakua.

Koko yangu, baba ya baba, alikuwa na mutanga yake. Nilipokuwa na miaka kama 5, nilipenda ganda ya konokono sababu ilikuwa inagonga vitu vingine na kutoa sauti. Nikamuuliza: «Koko, hii ni ya nini?» Akajibu: «Ni ya konokono.» Wazee wakacheka. Hakuongeza kitu, na mimi sikuona shida. Kwa mutoto, ganda ni ganda.

Mwaka 1992, nikiwa na miaka 12, nilipaswa kwenda kusoma mbali, kwenye internati. Koko akaniita, akashika ile ganda: «Konokono anatembea na nyumba yake. Kule unaenda, usiseme hauna kwenu.» Niliitika tu, kwa heshima. Ilikuwa kiisha wiki mbili, usiku, nikilia chini ya blanketi, njo ile neno ilianza kuniingia.

Mwaka 1998 vita ikafika kwetu. Koko alikuwa amekwisha kufa. Tulikimbilia Bukavu. Nyumba iliungua, barza ikaungua, na mutanga ndani yake. Tulikuwa watu 8 ndani ya chumba kimoja cha kupanga. Jioni moja nikamwambia baba kwa uchungu: «Koko alisema konokono anatembea na nyumba yake. Yetu iko wapi?» Baba alinyamaza kwanza. Kisha akasema: «Mwanangu, kwenye kamba ulikuwa unaona ganda tu, konokono mwenyewe hakuwako. Siye, ganda imeungua, lakini konokono wote wako hapa. Hesabu.» Nikahesabu: 8. Usiku ule tulilala.

Leo niko mwalimu, nimepita miaka 40. Mwenzangu mumoja anayefundisha biolojia alinieleza kwamba konokono anajenga ganda yake kidogo kidogo, akiongeza pale kwenye mulango. Ile duara ndogo kabisa ya katikati ni ganda aliyozaliwa nayo. Haitupi, anaizunguka. Nilimusikiliza na kuona kwamba mutu pia ni vile. Utoto haubaki nyuma yetu, uko ndani, na kila mwaka unaongeza duara.

Bwami, chama kikubwa cha Warega, kilijengwa kwa njia hiyo. Kina ngazi, mwanaume anapanda, na muke wake pia anapanda kwa upande wake. Kitu kilichoonyeshwa chini kinaweza kurudi juu kikiwa na maana ingine. Utawala wa Wabelgiji uliikataza Bwami mwaka 1948. Sisemi kwamba yote yalikuwa matamu: kupanda ngazi kuliomba mali nyingi, na mutu bila jamaa ya kumusaidia alibaki chini. Lakini kwa jambo la kumungojea mutu mupaka akomae, wazee walikuwa na haki.

Wanafunzi wangu wa leo wanaona kila kitu kwa simu: ndoa, vita, kifo, mbele hata ndevu hazijatoka. Habari hawakosi. Wanakosa mutu wa kurudia nao habari ileile kiisha miaka 5, kiisha miaka 10, na kuwauliza: sasa unaionaje? Siye walimu tunakaa nao mwaka mumoja, tunatoa pointi, wanapita. Kazi ile ni ya jamaa.

Ndugu wazazi, mutanga nyingi zimepotea, zingine ziko ndani ya vioo vya nyumba za makumbusho huko Ulaya. Lakini kila nyumba iko na kitu chake: jembe ya mama, kiti ya muzee, funguo ya nyumba iliyoachwa kijijini. Mushikishe mutoto, mumwambie neno fupi, neno la kweli. Musimalize maana yote siku moja. Akicheka, mumwache acheke. Siku maisha yatamugonga, atarudi kuuliza, na pale njo inaomba akute mutu nyumbani.