Deiwaka wa Matangazo

Mwaka 2009 Unilever iliachana na Lowe, kampuni ya matangazo ya London iliyokuwa imeitangaza Peperami kwa miaka mingi. Peperami ni kisoseji cha nyama ya nguruwe ambacho Waingereza hukitafuna njiani, na katuni yake ya soseji mwehu ilikuwa maarufu kuliko soseji yenyewe. Badala ya kutafuta kampuni nyingine, Unilever iliianika kazi kwenye tovuti ya Idea Bounty, iliyokuwa ikiendeshwa kutoka Cape Town: mwenye wazo zuri la tangazo jipya atapewa dola 10,000. Mawazo zaidi ya 1,000 yakamiminika.

Wakashinda wawili, mmoja wa London, mwingine wa Munich. Wote walikuwa wamekula chumvi nyingi katika biashara hiyo hiyo ya matangazo. Mlango ulifunguliwa kwa watu wote, na waliopita ni wale waliokuwa wakiijua nyumba tangu zamani.

Abiria wa daladala za Dar es Salaam hahitaji kufafanuliwa tofauti kati ya mwenye ujuzi na mwenye dhamana. Dereva akichoka humwachia usukani deiwaka apige tripu mbili tatu. Nairobi wanamwita skwodi. Deiwaka anaweza kuwa fundi kuliko dereva mwenyewe. Lakini siku akigonga bampa ya mtu pale Ubungo, tajiri mwenye gari hamtafuti yeye, kwa sababu hamjui. Anamtafuta aliyekabidhiwa funguo, na hesabu ya jioni anaidai kwa huyo huyo.

Masoko ya kazi mtandaoni ni stendi kubwa ya madeiwaka wa dunia. Fiverr ilianza mwaka 2010 kwa kuuza kila kazi kwa dola 5. Upwork ilitokana na Elance na oDesk, zilizoungana mwishoni mwa 2013, na ikachukua jina lake la sasa mwaka 2015. Humo kuna wachora nembo, wahariri wa video, waandishi wa matangazo na watu wa kusoma maneno kwa sauti nzito ya redio. Fiverr hukata asilimia 20 ya mapato ya muuzaji. Upwork humtoza mtafuta kazi hata kabla hajaipata: ombi hulipiwa kwa vocha ndogo ndogo za senti 15 za dola, na kazi moja huweza kudai vocha kadhaa. Mtu anaweza kumaliza mwezi akilipia foleni tu.

Kwa mteja aliye ughaibuni, mpango huu ni mtamu. Chukua mtu wa Tanga aliyefungua mgahawa Reading, Uingereza. Anataka nembo, menyu na video fupi ya sufuria ya pilau ikifunuliwa. Anachagua mtu kwa nyota alizopewa na wateja waliotangulia, analipa kwa kadi, tovuti inaishikilia pesa hadi aikubali kazi, na siku ya tatu faili ziko kwenye barua pepe yake. Aliyemchorea anaweza kuwa Nairobi, na wala wasijue kwamba wangeweza kuzungumza Kiswahili tangu mwanzo. Je, kampuni za matangazo zimempoteza mteja huyu? Hapana. Hakuwahi kuwa mteja wao. Bila Fiverr angemwomba mpwa wake anayesoma kompyuta.

Wapo watakaotaja Doritos. Kuanzia 2006 hadi 2016 chapa hiyo ya vibanzi iliwaalika Wamarekani wa kawaida watengeneze matangazo ya kurushwa wakati wa Super Bowl, fainali ya mpira wao. Mwaka 2009 ndugu wawili kutoka Indiana walitengeneza tangazo kwa gharama isiyofika dola 2,000, likaongoza kura ya maoni ya gazeti la USA Today, wakaondoka na dola milioni 1. Watu wakasema basi, kampuni za matangazo zimekwisha. Ila shindano lenyewe lilibuniwa na kuendeshwa na kampuni ya matangazo, Goodby Silverstein & Partners ya San Francisco. Na sekunde 30 za kurusha tangazo mwaka ule ziliuzwa kwa bei iliyofika dola milioni 3. Pesa hiyo hailipwi na mtu mwenye kamera sebuleni kwake.

Hata kampuni iliyojengwa kwa mawazo ya umati tangu msingi haikudumu. Victors & Spoils ya Boulder, Colorado, ilianzishwa mwaka 2009 kwa ahadi hiyo, ikafanya kazi ya Harley-Davidson, ikanunuliwa na Havas ya Ufaransa mwaka 2012, kisha ikafungwa.

Kilichozitikisa kampuni kubwa za nje ni kitu kingine, na kilianza kabla ya Fiverr. Tangu karne ya 19 wakala wa matangazo aliishi kwa kamisheni: alimnunulia mteja nafasi gazetini, gazeti likamwachia yeye sehemu ya bei, mara nyingi asilimia 15. Ubunifu ulikuwa kama chai anayopewa mteja kwenye duka la vitambaa. Faida ilikuwa kwenye kitambaa. Mwaka 2000 Google ikaanza kuuza matangazo ambayo hata muuza maua angeweza kujinunulia mwenyewe kwa kadi. Facebook ikafuata. Makampuni makubwa nayo yakaajiri wabunifu wao wenyewe, wakakaa ghorofa moja na watu wa mauzo. Novemba 2025 kampuni kubwa ya matangazo Omnicom iliimeza mwenzake Interpublic, na katika kupunguza majina ikalitupa hata jina la DDB, kampuni iliyoandika matangazo ya Volkswagen ya mwaka 1959 ambayo bado yanafundishwa vyuoni. Hakuna kijana wa dola 5 aliyeiua DDB.

Nyumbani mambo yamekaa kinyume. Masoko haya yanatumika sana Afrika Mashariki, lakini kwa kuuza nje. Serikali ya Kenya ilizindua mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 ili vijana wapate kazi mtandaoni, na wengi wanachora, wanahariri na kuandika kwa ajili ya wateja wa Marekani na Ulaya. Mwenye duka wa Gikomba, Nairobi, haingii huko. Bei ziko kwa dola, malipo ni kwa kadi, maelezo ni kwa Kiingereza, na hakuna pa kusema “punguza kidogo, bosi”. Upande wa Tanzania hata muuzaji amebanwa: kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa huko imeweza kutuma pesa bila kuweza kupokea, kwa hiyo malipo huzungukia Payoneer au kwa ndugu aliye nje.

Si kwamba mwenye duka hana soko lake. Analo, tena la zamani. Kariakoo, Dar es Salaam, kuna vyumba vya stesheneri ambamo kijana wa grafiki anakaa mbele ya kompyuta, mashine ya kuchapa iko nyuma yake, na mteja anasimama akiangalia. Bango, stika, flana na kadi za harusi hutoka pale pale. Advansi hutumwa kwa simu na salio hulipwa mzigo ukikamilika. Ukitaka kelele, lipo gari la matangazo lenye spika juu. Ukitaka wateja wa mbali, ipo Instagram, na yale maneno “bei njoo inbox” yanayowaudhi wengi na bado yanauza. Kazi ambayo Fiverr inafanya Reading, Kariakoo inaifanya kwa tofauti moja: mchoraji akiharibu, unajua anapokaa.

Kampuni ya matangazo ya nyumbani huuza kitu ambacho wageni hawakioni haraka. Scanad ya Nairobi ilianza mwaka 1982, ikakua kuwa Scangroup, ikaingia soko la hisa mwaka 2006 na baadaye ikawa mikononi mwa WPP ya London. Haikukua hivyo kwa kuchora tu. Kampuni ya namna hii inajua kwamba kurekodi tangazo la video Kenya kunahitaji leseni, na kwamba tangazo la dawa Tanzania lazima lipite kwa mamlaka ya dawa, TMDA. Zaidi ya yote, ina kifua cha kubeba deni. Mteja mkubwa hulipa baada ya miezi, ilhali redio, kituo cha televisheni na mwenye bango wanataka chao. Katikati anasimama wakala, akikopesha huku na kubembeleza kule. Serikali ya Kenya yenyewe ilianzisha wakala wake wa matangazo mwaka 2015, na vyombo vya habari vimelalamika kwa miaka kuhusu malimbikizo ya madeni. Kama taasisi inaweza kuwachosha wenye magazeti kiasi hicho, mchoraji mmoja wa Upwork atabeba deni hilo kwa mgongo gani?

Halafu kuna lugha, na hapa mwandishi wa makala haya hajifichi: ndipo deiwaka wa mbali huanguka vibaya zaidi. Vodacom Tanzania iliwahi kutamba na “Kazi ni Kwako”, maneno ambayo kila mtu alikuwa akiyasema kabla hayajawa tangazo. Huduma yake ya kukopesha muda wa maongezi ikaitwa Nipige Tafu. Safaricom iliita ya kwake Okoa Jahazi. Majina hayo mawili yanauza kitu kile kile, na hakuna hata moja linaloweza kuvuka mpaka wa Namanga bila kupoteza utamu. Mkenya ananunua kredo, Mtanzania ananunua vocha. Mmoja hupanda matatu, mwingine daladala. Mteja wa Toronto anayeagiza “sauti ya Kiswahili” mtandaoni kwa ajili ya wasikilizaji wa Mwanza huletewa mtu wa Nairobi anayesoma vizuri kabisa, na Mwanza wanasikia jirani akiongea. Tovuti ina kisanduku kimoja tu cha Kiswahili. Bahari yote kutoka Lamu hadi Kigoma imetiwa ndani ya kisanduku hicho.

Wanaobanwa kweli ni kampuni ndogo za katikati, zile za watu kumi zenye ofisi ya kupanga Kilimani, Nairobi, au Mikocheni, Dar es Salaam. Hazina mtaji wa kukopesha mteja, na michoro yao haimzidi kijana wa Kariakoo. Nyingi zimekwisha kugeuka madalali: zinapokea kazi kwa bei ya kampuni, zinaigawa kwa madeiwaka, zinabaki na tofauti.

Nao madeiwaka wana hofu yao. Septemba 2025 Fiverr ilipunguza wafanyakazi wapatao 250, karibu asilimia 30, ikisema inajijenga upya juu ya akili bandia. Meta, mwenye Facebook, nayo inataka mfanyabiashara alete picha ya bidhaa na bajeti tu, kompyuta imalizie tangazo. Kariakoo habari hizo zimefika. Kijana wa grafiki tayari anatumia programu hizo kufuta mandhari ya nyuma ya picha na kutafuta rangi. Mteja bado amesimama nyuma ya kiti chake, amebeba mfuko wake, anamwambia aikuze ile namba ya simu.