Sahani ya Tambi na Fadhila ya Kiasi



Wapendwa wanaparokia, juma hili nawaandikia juu ya jambo ambalo huenda hamkulitarajia kutoka kwa paroko wenu: sahani ya tambi. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza baada ya Misa, "Baba, unaumwa? Mbona umepungua?" Siumwi. Nimepungua kwa kukusudia, na njia niliyoipitia imenifundisha jambo ambalo napenda tushirikishane.

Mwaka jana nilipokwenda kupimwa afya, mizani ilisoma kilo 104. Sukari ya damu, niliyopimwa asubuhi kabla ya kula chochote, ilikuwa 6.5. Daktari alinieleza kwamba ikifika 7.0 na kuthibitishwa kwa kipimo cha pili, huitwa kisukari. Nami nilikuwa nimekwisha kusimama mlangoni. Maneno hayo yaliniingia, kwa sababu kaka yangu mkubwa alikatwa mguu kwa ugonjwa huo huo, na mimi ndiye niliyeketi kando ya kitanda chake usiku wa kuamkia upasuaji. Nilirudi nyumbani na uamuzi mkali: wali, ugali, chapati na tambi visinipite tena kinywani.

Kwa miezi miwili nilishika neno langu. Nilipungua kilo 5 na, sina budi kukiri, nikaanza kujivuna. Nilipowaona mapadre wenzangu wakipakua wali, nilijihesabu kuwa mtu wa nidhamu. Kisha ikaja jubilei ya padre mmoja wa jimbo letu. Nilionja kijiko cha pilau, kikafuatwa na sahani. Sahani ikafuatwa na chapati, tambi na viazi. Juma lililofuata niliendelea vivyo hivyo, nikijiambia kwamba ahadi imekwisha kuvunjika, basi hakuna tena cha kulinda. Katika mwezi mmoja kilo 4 zilirudi. Nikaapa tena, kwa ukali zaidi.

Ni katika kiapo hicho cha pili nilipokwenda kusali na jumuiya moja nyumbani kwa bibi mmoja mjane. Baada ya sala alileta tambi alizozipika kwa nazi na iliki. Alizipika kwa ajili yangu, kwa kuwa aliwahi kunisikia nikisema nilizoea kula tambi nilipokuwa masomoni Roma, ingawa za kule hazijui nazi wala iliki. Nilimshukuru, nikasema situmii. Akanywea.

"Hata kijiko kimoja, Baba?" akauliza kwa sauti ya chini. "Chakula changu kina nini?"

Sikuwa na jibu. Chakula chake hakikuwa na neno. Nilikuwa nakiogopa kijiko kimoja, kwa sababu nilijua siwezi kukomea hapo. Njiani nikajiuliza: ni nidhamu gani hii isiyoweza kukaa meza moja na kijiko cha tambi?

Usiku ule nilimkumbuka sista mpishi wa nyumba tuliyoishi Roma. Siku yangu ya kwanza pale nilipakua tambi mara tatu, nikidhani ndicho chakula chote. Kumbe ulikuwa mwanzo tu. Baada yake kilikuja kipande cha nyama, kisha mboga za majani, kisha tunda. Wenzangu walicheka mpaka machozi. Baadaye, nilipopangiwa zamu ya jikoni, nilimwona sista akihesabu kwanza watu watakaokula siku hiyo, halafu akipima tambi kavu kwenye mizani: gramu 80 kwa kila mtu. Tulikuwa 40, ziliingia sufuriani kilo 3 na gramu 200, basi. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwamba mezani ni njaa inayoshika upawa, kwa hiyo lazima kupima mapema.

Nikapiga hesabu zangu. Gramu 80 za tambi kavu zina takribani gramu 60 za wanga na kalori 280. Zikiiva hunywa maji na uzito wake huzidi maradufu, hivyo si chakula cha kumpunja mtu. Mimi nilikuwa nikila nusu ya pakiti ya gramu 500 kwa mlo mmoja, yaani zaidi ya sehemu tatu, zenye kalori zipatazo 875 kabla ya mafuta. Na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta huongeza kalori kama 120. Tena sisi hatuzili tambi peke yake: kando kuna viazi, chapati na soda, ambavyo navyo ni wanga uliobadili mavazi tu.

Basi nikaanza upya, mara hii bila kiapo. Asiye na mizani aigawe pakiti ya gramu 500, ikiwa bado kavu, katika mafungu 6 yaliyo sawa. Kila fungu ni mlo wa mtu mmoja. Zichemshwe ziive bila kurojeka. Katika sahani, tambi zichukue kama robo. Robo nyingine iwe maharage, samaki au kuku. Nusu iliyobaki iwe mchicha, kabichi au bamia. Mlo wenye tambi usiwe na chapati wala viazi. Lakini wanaotumia dawa za kisukari, hasa insulini, wasipunguze wanga kabla ya kuzungumza na daktari wao, maana sukari yaweza kushuka ghafla na kuwadhuru.

Daktari alinitia moyo kwa utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002. Watu waliokuwa karibu na kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa juma. Waliougua miongoni mwao walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko wale ambao hawakupewa mpango huo wala dawa. Kwangu asilimia 7 ni kilo 7 na ushee. Leo nina kilo 96, na sukari yangu ya asubuhi ni 5.8. Nilichoshindwa kukipata kwa viapo viwili nimekipata kwa fungu moja la tambi kavu.

Tangu katekesimu tunafundishwa kwamba kiasi ni fadhila mojawapo kati ya zile nne kuu, pamoja na busara, haki na nguvu. Nimeihubiri miaka mingi, lakini nilikuwa nikiichanganya na kujinyima. Kukataa kabisa kulinifaa kwa miezi miwili. Kupima kunanidai kila siku, tena mbele ya watu.

Mwezi uliopita nilirudi kwa yule bibi, nikamwomba radhi na kumwomba tambi. Alipakua mlima. Nikasema, "Bibi, nipunguzie, nipate kumaliza." Akanitazama, akacheka, akarudisha nusu sufuriani. Nilikula zote, na alipoichukua ile sahani tupu alikuwa akiimba.

Nawatakia Dominika njema.

Paroko wenu