Pumzi ya Mtoto

Kupumua na kupumzika ni maneno ya shina moja. Mtu aliyechoka kwa mzigo huutua, hushusha pumzi, ndipo watu husema kwamba amepumzika. Jambo hili, ambalo kila mchukuzi hulijua kwa mabega yake, mwalimu mmoja wa watoto wadogo huko Omurushaka alilazimika kujifunza upya mwaka 2016.

Omurushaka ni mji mdogo wa biashara, jirani na Kayanga, makao makuu ya wilaya ya Karagwe. Hapo ndipo ianziapo njia ya Nkwenda na Murongo, katika wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Malori ya ndizi, maharage na kahawa hunguruma mchana kutwa, na mtoto wa huko huyazoea kabla hajajua kusoma. Lakini Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, ulisikika mngurumo usiokuwa wa lori. Yapata saa tisa na nusu mchana ardhi ya Kagera ilitetemeka kwa nguvu ya 5.9. Watu zaidi ya 15 walikufa, na nyumba nyingi mno ziliharibika katika mkoa.

Watoto waliporudi shuleni, binti mmoja wa miaka sita alisimama mlangoni akakataa kuingia. Kifua chake kilipanda na kushuka upesi upesi. Mwalimu alimwambia yale ambayo watu wazima husema: “Ingia, mwanangu, hakuna kitu.” Mtoto akajibu kwa adabu, “Mwalimu, ukuta umepasuka.” Mwalimu akainua macho. Ufa ulikuwako, umeanzia pembe ya dirisha ukapanda hadi karibu na paa. Katika darasa zima, mwenye hofu ndiye pekee aliyekuwa ametazama.

Siku hiyo darasa lilihamia chini ya mparachichi. Mwalimu hakuwa na kitabu cha mambo haya. Alikuwa na vitu vya nyumbani tu. Aliwaambia watoto waweke mkono mmoja tumboni, wavute hewa kwa pua kama wanusao ua la kahawa baada ya mvua, kisha waitoe kwa mdomo polepole kama wapozao uji wa moto bila kuumwaga kikombeni. Mara tano, basi. Mmoja alicheka, mwingine alikohoa, na mvulana mmoja alipuliza kwa bidii kama afukutaye moto hata akashikwa na kizunguzungu. Hapana ajabu: anayehema kwa nguvu na haraka hupoteza hewa ya kaboni kupita kiasi, na kichwa huwa chepesi. Baadaye walifumba macho wakasikiliza lori moja likipanda mlima, kila mtoto akiinua kidole pindi sauti ilipomtoka masikioni. Vidole havikuinuka pamoja, na mabishano juu ya nani mwenye masikio bora yalikuwa makubwa kuliko hofu ya asubuhi.

Siri ya zoezi hili imo katika kutoa pumzi. Mtu avutapo hewa, moyo huenda mbio kidogo. Aitoapo, hupunguza mwendo, kwa kuwa mshipa mmoja wa fahamu ushukao kutoka kwenye ubongo huuzuia kama mpanda baiskeli ashikavyo breki mteremkoni. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mwili hupata habari kwamba unaweza kutulia. Habari, lakini, si ukweli wote. Pumzi haizibi ufa. Hata wataalamu wameonywa katika jambo hili: huko Uingereza uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2022, wa wanafunzi zaidi ya 8,000 wenye miaka 11 hadi 14, haukuona kwamba masomo ya utulivu wa akili yaliwafaa vijana hao kuliko mafunzo yao ya kawaida.

Mwalimu wa Omurushaka naye alionyeka, ila kwa njia nyingine. Wiki chache baadaye, watoto wakipiga kelele naye amechoka, alipaza sauti: “Pumueni!” Kimya kikaanguka. Alipotazama aliona mabega yamepanda hadi masikioni, na wengi hawapumui kabisa. Alikuwa amegeuza ua la kahawa kuwa fimbo. Aliketi kwenye kiti kidogo cha mmoja wao, akanusa, akapuliza, bila kuamuru mtu. Watatu wanne wakamfuata, wengine wakaendelea na mambo yao, naye akawaacha. Tangu hapo hakulitumia tena zoezi kwa kunyamazisha. Alilifanya asubuhi, wakati watoto wametulia, kwani asiyejifunza kuogelea majini mafupi hatajifunza siku ya mafuriko.

Wenzake walimshauri awarudishe watoto ndani sasa kwa kuwa hawalii tena. Alikataa. Watoto walikuwa wametulia, ukuta haukuwa umetulia; kumtuliza mtoto ili aketi chini ya hatari ni udanganyifu, hata ukifanywa kwa sauti ya upole. Walisoma chini ya mparachichi mpaka fundi alipobomoa kipande kile akakijenga upya.

Siku ya kurudi, binti yule alisimama tena mlangoni. Akatazama pembe ya dirisha, ambako saruji ilikuwa bado haijakauka vizuri. Akapuliza mara mbili, akaingia, akachagua kuketi karibu na mlango. Mwalimu alimsogezea daftari lake huko huko.