Pikipiki Gani Ipande Usambara?
Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za lami, kona juu ya kona. Hapo Honda CG125 kuukuu yatosha: haili petroli nyingi, na mafundi wengi waijua. Lakini ukishika njia za udongo ziendazo vijijini, upande wa Mtae, masika huzigeuza utelezi mtupu. Huko Yamaha DT125, yenye gurudumu la mbele la inchi 21 na springi ndefu, ndiyo mwenza; ila huchoma oili pamoja na petroli, na kiti chake ki juu kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Akiba ya mshahara ni moja. Pima kwanza njia ya kwenu, ndipo ukague cheni, spoku na kadi.