Fundi Simu wa Aggrey na Mwanagenzi wa Manchester

Hapa Manchester, mzazi wa Kitanzania akisikia mwanawe wa miaka 13 anajifunza udukuzi, kwanza hushika kichwa. Akiuliza vizuri, huenda akaambiwa kwamba shule yenyewe ndiyo iliyomwelekeza huko.

Kituo cha Taifa cha Usalama wa Mtandao cha Uingereza, NCSC, kilianza mwaka 2016. Mwaka uliofuata kikaanzisha mashindano ya wasichana chini ya mpango wa CyberFirst, ambayo baadaye yalilenga wa miaka 12 na 13, na ambapo timu za shule zilifumbua maandishi ya siri na kutatua maswali ya mitandao. Umri huo ulilengwa makusudi: ni kabla tu ya kuchagua masomo ya GCSE, mitihani ya sekondari, na msichana akiliacha somo la kompyuta hapo, ni vigumu kulirudia. Kuanzia miaka 16 kijana anaweza kuingia uanagenzi wa kulipwa, na tangu 2015 kuna uanagenzi unaofika hadi shahada: anafanya kazi, anapata mshahara, na ada ya chuo hailipi yeye.

Lakini kinachonivutia zaidi ni upande wa polisi. Shirika la kupambana na uhalifu, NCA, liliona kwamba wastani wa umri wa watuhumiwa katika kesi zake za uhalifu wa mtandao mwaka 2015 ulikuwa miaka 17. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ipo tangu 1990, na kuingia tu kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa kunaweza kukupeleka jela miaka miwili. Hata hivyo, kwa mpango wa Cyber Choices, maofisa humfuata kijana aliyeanza kupotoka, wakaongea naye na wazazi wake, kisha wakamwonyesha pa kuutumia ujuzi uleule kihalali.

Nyumbani sheria tunazo, tena kali. Tanzania ilitunga yake mwaka 2015: anayeingia kwenye mfumo kinyume cha sheria hukabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Ya Kenya, ya 2018, inafika miaka mitatu jela au faini ya shilingi milioni 5. Sasa nani anamweleza haya mwanafunzi wa kidato cha pili? Shule nyingi zimepiga marufuku simu, na chumba cha kompyuta, kama kipo, ufunguo anao mwalimu mmoja. Shahada ya usalama wa mtandao inafundishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, lakini huko anafika aliyemaliza kidato cha sita au stashahada.

Asiseme mtu kwamba kijana wetu amelala. Pita Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, au Luthuli Avenue, Nairobi, uone vijana wanavyofungua simu, kutoa loki na kuokoa picha zilizopotea. Isitoshe, wamekulia katikati ya utapeli. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania 2008, na matapeli hawakuchelewa. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umezunguka Tanzania nzima, na mara nyingi ni mjukuu anayemzuia bibi asitume. Mwenzake wa Manchester anafundishwa darasani jinsi tapeli anavyocheza na akili ya mtu. Huyu wetu anayaona hayo sebuleni.

Kwa hiyo uanagenzi tunao siku zote. Tunachokosa ni mipaka na cheti. Mwanagenzi wa Manchester ana mkataba, msimamizi na karatasi ya kumwonyesha mwajiri. Wa Aggrey ana fundi mkubwa wake na hela ya chakula, na akiletewa simu ya wizi aifungue, kosa analifanya bila kujua. VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania, tayari inapima na kurasimisha ujuzi wa maseremala, waashi na wapishi waliojifunzia kazini. Fundi simu anastahili njia hiyohiyo, na somo la sheria liwe ndani yake.

Uingereza nayo si peponi. Nafasi nzuri za uanagenzi hugombaniwa vikali, na kazi za GCHQ, shirika la ujasusi wa mawasiliano, zinataka uraia wa Uingereza, kwa hiyo watoto wa Waswahili ambao bado hawajaupata hubaki nje hata wawe hodari vipi.

Tusisubiri serikali kwa kila jambo. Mashindano ya usalama wa mtandao ya picoCTF ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ni ya bure, yanaanzia miaka 13, na yanachezwa kwenye kivinjari cha kawaida. Tawi la chuo hicho lililoko Kigali huwashirikisha vijana wa Afrika katika mashindano hayo. Mwalimu, fungua chumba cha kompyuta Jumamosi. Ndugu yangu wa ughaibuni unayefanya kazi ya usalama wa mtandao, ukituma laptopu nyumbani, tuma na saa moja ya muda wako kila wiki. Na wewe mzazi, mweleze mwanao sheria inasemaje kabla polisi hawajamweleza.